Asha na jasho lake wanashinda milipuko

Kijana wa Kinna, sema ukweli: ile filamu ya roboti na vyombo vya angani uliyoitazama kwa simu wikendi, unakumbuka jina la shujaa wake? Milipuko unaikumbuka, sawa. Lakini yeye alitaka nini maishani?

Sasa itafute Pumzi, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Ni dakika 20 na ushee tu. Mwaka huohuo Marekani ilitoa Avatar, iliyomeza zaidi ya dola milioni 200 na kushinda Oscar ya madoido. Na madoido yake, lo, ni moto! Pumzi haikuwa na hela hizo.

Ina Asha. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi mji uliofungwa uitwao Maitu. Asha anakusanya jasho lake lisafishwe, alinywe tena. Hata mkojo. Siku moja analetewa udongo wenye dalili za uhai. Anapanda mbegu humo, kisha anaimwagia maji yake ya mgao. Hakuna kinacholipuka hapo. Lakini wewe uliyewahi kupanga dumu foleni wakati wa kiangazi unajua yale matone yana uzito gani. Moyo unakudunda.

Nina lawama moja. Wakuu wanaomnyima Asha ruhusa ya kutoka tunawaona juujuu tu. Wanaogopa nini? Ningewapa dakika 5 zaidi, hata kama zingekatwa kwenye picha za jangwani.