Subaru ya kutu Luanda Kotieno: iokolewe au iachwe?

Magari ya Japani yanayokuja Kenya hushukia Kilindini, na yale yanayobaki kwetu Mombasa huanza kuliwa mapema kuliko yale yanayopanda bara. Sisi watu wa pwani twalijua hilo bila ya kusomeshwa. Mabati ya paa, bawaba za milango, baiskeli ya mtoto, vyote huliwa na hewa ya bahari. Lakini mtu wa bara akiuziwa gari lililokaa pwani, mara nyingi hutazama injini na rangi, akasahau kuuliza lilikuwa likilala wapi usiku.

Nayaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye hufanya biashara ya samaki Luanda Kotieno, kaunti ya Siaya, pale feri inapovuka kwenda Mbita. Ameiona Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002 na moyo umemwenda. Mwenyewe alikaa nayo Mombasa miaka tisa, akastaafu, akarudi nayo ziwani. Anataka shilingi 280,000. Mpwa ana 410,000 alizoweka akiba kwa ajili ya mashua na injini yake. Mimi nimefanya kazi ya bodi za magari miaka mingi, kwa hivyo aliniita nikaitazame kabla hajatoa hata senti moja.

Si mpumbavu kuitamani. Gari lile lina turbo, linavutwa na magurudumu yote manne, na lilipotoka kiwandani lilikuwa na nguvu ya farasi 250. Vijana wengi wanaolipenda hawakuwa wamezaliwa Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, wala hawamkumbuki Richard Burns aliyeshinda kwa Impreza nyingine mwaka 2000, lakini sifa ile haijafa. Na tangu mbio hizo zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, hamu imezidi. Halafu kuna sheria: Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka minane. WRX za zamani hizo haziji tena. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila moja ikianguka hupunguza hesabu. Ndiyo maana hata mkweche wake una bei.

Sasa tuje kwenye kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, popote pale. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na kuliwa kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Tena chumvi huvuta unyevu hewani. Ikishaingia ndani ya bodi, hukaa humo ikinyonya maji hata siku isiyo na mvua. Kutu nayo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndipo rangi huvimba kama lengelenge. Ukiliona lengelenge, jua kazi ilianza ndani zamani.

Mpwa aliniambia, "Lakini mjomba, huku maji ni baridi, hayana chumvi." Kweli. Ziwa Victoria halitaila gari kama Nyali inavyolila. Ila chumvi iliyotoka Mombasa ilisafiri pamoja na gari, imejificha ndani ya maboksi ya bati ambako kitambaa hakifiki. Na huenda gari likaja na kutu kutoka Japani kwenyewe, kwa kuwa sehemu za kaskazini kule humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Ndiyo maana karatasi za mnada za Wajapani huwa na alama ya S kwa kutu na C kwa bati lililolika. Anayeagiza gari na asiisome karatasi hiyo amenunua picha.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipi uzito ni kwamba Impreza haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Shoki, injini, mikanda ya usalama, viti, vyote vimeshikiliwa na bati ambalo sehemu nyingi halifiki unene wa milimita moja. Injini ya turbo ikifa utapata nyingine iliyotumika. Giaboksi vilevile. Bodi ikifa, gari limekufa. Kwa hivyo nikiitwa kutazama gari kama hili, injini huwa ya mwisho. Mpwa alitaka niiwashe kwanza nisikie mngurumo. Nilimwambia mngurumo utatungoja.

Vifaa vyangu vilikuwa jeki, tochi, bisibisi butu na sumaku ndogo niliyoivika kitambaa isikwaruze rangi. Mwenye gari nilimwomba ruhusa. "Jaduong', naweza kugongagonga?" Akasema nigonge, ila nisiharibu. Mzee muungwana, wala hakutuficha kitu. Yapo mengine ambayo yeye mwenyewe hakuyajua.

Madigadi ya nyuma yalikuwa yameoza juu ya tairi, pande zote mbili. Hilo kwa Impreza za zamani ni kawaida, linachukiza macho lakini halitishi. Fundi hukata, akachomelea bati jipya, akapiga rangi. Chini ya milango hali ilikuwa nzito zaidi. Boksi la upande wa kushoto bisibisi ilizama hadi mpini, na pale pa kuwekea jeki palikuwa pamekunjika kama karatasi. Hapo pana kazi ya kweli, maana boksi hilo ndilo linalozuia gari lisijikunje katikati, lakini fundi mzuri huliweza.

Kisha nikafungua buti, nikatoa kapeti na plastiki za pembeni. Nilikuwa natafuta pale shoki ya nyuma inapofungwa juu kwenye bodi. Mimi hupaita kikombe cha shoki. Kila shimo la barabara, kila kona, uzito wa nyuma ya gari hupigia hapo. Tope hurushwa na tairi, likajikusanya kwa chini mahali mtu asipopaona, na mbele yake rangi husalimu amri. Kikombe cha kushoto kilikuwa na kutu ya juu juu tu. Cha kulia kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi, safi kupita kiasi. Niliweka sumaku ikaanguka. Nikaiweka tena pembeni kidogo, ikaanguka. Chini ya rangi kulikuwa na fila, nene, mtu aliijaza akapita juu kwa brashi. Mzee alishangaa kama sisi. Huenda aliuziwa hivyo.

Kikombe hutengenezeka, nisiseme uwongo. Unaondoa shoki, unakata hadi ukute chuma safi, unajenga upya kwa bati la unene unaofaa, huku ukipima kutoka upande ulio mzima ili tairi lisikae upande. Mashine ya kuchomelea ya vijiti, ile ya kutengenezea madirisha na mageti, itatoboa bati jembamba lile au italiunguza. Inatakiwa ile ya waya na gesi, na mkono uliozoea. Kisumu nilimpata fundi mmoja niliyemwamini. Makisio yake yalikuwa 60,000 kwa vikombe vyote viwili, 50,000 kwa maboksi ya chini, 30,000 kwa madigadi, na rangi 60,000. Mimi nikaongeza 70,000 za taimingi belti, tairi na kuhudumia turbo. Jumla 270,000, na bado hatujalipa bei ya gari.

Mpwa hesabu anaijua. Akasema 280 na 270 ni 550,000, na WRX nzima hapa huulizwa 700,000 au zaidi, kwa hiyo faida ipo. Hesabu ni sawa kwenye karatasi. Nilimuuliza mambo mawili. La kwanza, 140,000 zinazopungua zitatoka wapi, na mashua itangoja hadi lini? La pili, atakayemuuzia kesho si atakuja na sumaku pia? Gari lililochomelewa kikombe haliuziki kwa bei ya gari ambalo halijaguswa. Na kuna dada yangu, atakayekaa kiti cha nyuma kutoka Ndori mpaka ziwani na huyu kijana kwenye usukani. Sikulitaja hilo, alilijua.

Injini tuliiwasha mwishowe. Ilinguruma vizuri, haikutoa moshi, rejeta haikuwa na mapovu. Mwenye WRX ya soko la Japani akumbuke tu kwamba ilipangwa kwa petroli ya oktani kubwa, hivyo atie ile ya bei ya juu na asiibane turbo injini ikiwa baridi. Injini njema, lakini haikubadilisha neno langu.

Nilimwambia gari hili alipime kwa thamani yake likifunguliwa vipande. Injini na turbo inayofanya kazi, giaboksi, difu, rimu, viti: kwa kukisia kwangu 150,000, ikizidi 170,000. Hapo ndipo bei yake iishie. Kwa 280,000, hapana. Akiipata kwa bei hiyo ya vipande, ana njia mbili. Auze vipande arudishe pesa za mashua, au atafute bodi safi ya Impreza ya kawaida isiyo na turbo, iliyolala bara maisha yake yote, ahamishie kila kitu humo. Hata timu za mbio hufanya hivyo, bodi ikichoka huletwa nyingine.

Akichagua njia hiyo ya pili, makaratasi ndiyo ya kuanza nayo. Namba ya chesisi ya Impreza imepigwa chapa kwenye bati la nyuma ya injini, na logibuku hufuata namba hiyo. Bodi mpya ina logibuku yake, na injini ikibadilishwa lazima NTSA waandikishe namba ya injini iliyoingia. Atakayemshauri akate kipande chenye namba akichomelee kwenye bodi nyingine anamwita kortini.

Mzee ameomba apewe hadi mwisho wa mwezi afikirie. Wakati huo nimempa ushauri usio na gharama: aingize mpira wa maji ya ziwa kwenye matundu ya chini ya milango, asukume mpaka maji yatoke meupe, kisha aache milango wazi juani siku nzima. Kapeti nazo azianike. Mpwa hajatoa pesa chamani.