Ukienda Kununua Mtoto wa Mbwa, Uliza Kwanza Habari za Mama Yake (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliuliza kama mji wako una nafasi ya mbwa: ua, chakula, na mtu wa kumwangalia. Leo tuchukulie umeshaamua, na sasa unakwenda kwa anayeuza.

Huku Mghange, milimani Taita Taveta, mbwa wengi hawatoki kwa mfugaji mwenye bango barabarani. Jirani ana jike aliyezaa, habari zinaenea kanisani na sokoni, na kabla ya mwezi wa pili kwisha kila kijibwa ameshapata mwenyewe: huyu atalinda mji, yule atafukuza tumbili wanaovamia mahindi. Wengine hushuka Voi kutafuta, au huagiza mbwa wa jamii ya kigeni kutoka Mombasa au Nairobi, akaletwa kwa basi ndani ya katoni lililotobolewa matundu. Njia ni mbalimbali lakini maswali ni yale yale, na mengi yake hayamhusu kijibwa mwenyewe. Yanamhusu mama yake na boma alimozaliwa.

Kwa nini? Kijibwa wa wiki 8 hukuonyesha hali yake ya leo tu. Magonjwa yanayowaua vijibwa wengi hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya dalili kutokea. Minyoo mingine humwingia angali tumboni. Kasoro ya mifupa inaweza kujificha hadi akaribie mwaka. Anayekagua kijibwa peke yake, asiulize lolote kuhusu alikotoka, ananunua mbuzi kwenye gunia.

Amezaliwa lini?

Usikubali jibu la "ana kama miezi miwili hivi". Taka tarehe. Kijibwa hafai kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8, kwa maana kabla ya hapo bado anajifunza kula vizuri na kuishi na wenzake. Mwenye kuuza akibabaika, tazama mdomoni. Meno ya utoto huanza kutokeza mbele kati ya wiki ya 3 na ya 4, na hutimia 28 kufikia karibu wiki ya 8. Mfunue mdomo taratibu. Ukikuta ufizi wa nyuma ungali mtupu, huyo ni mchanga mno kuondoka nyumbani, hata mwenye mbwa aape.

Mama yuko wapi?

Omba kumwona. Ukiambiwa mama yuko kwa binamu, au alirudishwa kwa mwenyewe, basi anayeuza huenda ni dalali na majibu yake mengine yote ni ya kusikia. Ukimwona mama, uliza mambo manne.

La kwanza, je, alichanjwa kabla ya kushika mimba? Kinga ya mama huwafikia watoto hasa kupitia dang'a, maziwa ya siku ya kwanza baada ya kuzaa. Mama asiye na kinga hana cha kuwapa.

La pili, alizaa wangapi, na wangapi wako hai? Kufa kwa kijibwa mmoja katika uzao wa saba ni jambo la kawaida. Kufa kwa wanne ndani ya wiki moja ni habari nyingine, na unastahili kuisikia yote. Uliza pia kama amewahi kuharibu mimba, kwani yapo maambukizi ya uzazi yanayopita kutoka dume hadi jike.

La tatu, baba ni nani? Katika kijiji ambamo mbwa hutembea huru, dume anaweza kuwa kaka wa jike, au mtoto wake. Uzao wa damu moja huongeza hatari ya kasoro za kurithi. Tazama pia sehemu za siri za mama. Uvimbe mwekundu unaofanana na koliflawa, unaovuja damu, ni dalili ya aina ya kansa inayoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana, na ipo sana penye mbwa wengi wasiofungwa. Inatibika, lakini inakuambia jinsi mwenye mbwa anavyomtunza.

La nne, je, mama huyo amewahi kuumwa na mbwa asiyejulikana au mnyama wa porini? Swali hili tutalirudia tukifika kwenye kichaa cha mbwa.

Kadi ya chanjo na neno "zote"

Wauzaji hupenda kusema, "Huyu ameshachanjwa zote." Kwa kijibwa wa wiki 8 haiwezekani. Ile kinga ya dang'a humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi. Hupungua taratibu kati ya wiki ya 6 na ya 16, na kila kijibwa ana siku yake. Ndiyo maana chanjo ya pavo na distempa, magonjwa tutakayoyaeleza hapa chini, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi 3. Basi kijibwa wa wiki 8 mwenye kadi nzuri atakuwa na chanjo moja, pengine mbili, na tarehe ya kurudi. Zilizobaki ni deni lako wewe mnunuzi.

Isome kadi yenyewe. Inayoaminika ina kibandiko kilichotolewa kwenye kichupa cha dawa, chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, pamoja na sahihi na muhuri wa aliyechanja. Nchini Kenya, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na siku moja, ishuku.

Kisha uliza lile ambalo wengi hulisahau: chanjo ililetwaje? Chanjo hizi hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kichupa kilichopanda mlima kutoka Voi mfukoni mwa mwendesha bodaboda mchana wa jua, bila kasha la barafu, huenda kikawa kimeharibika. Sindano itachomwa, kadi itajazwa, na kinga isiwepo.

Boma lina historia gani?

Muulize mwenye mji: je, mwaka huu au mwaka jana kuna mbwa aliyekufa hapa kwa kutapika na kuhara damu? Huo ndio mwendo wa pavo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi mno. Kirusi chake hukaa udongoni miezi mingi, na hudumu zaidi penye kivuli na unyevu kuliko penye jua kali. Kwa hiyo ua wa huku juu, wenye ukungu na migomba, si sawa na kiwanja kikavu cha nyikani. Jiki iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, hukiua kwenye sakafu iliyosafishwa kwanza, lakini udongo hausafishiki hivyo. Na kama boma lako mwenyewe limeshamwona mbwa akifa kwa pavo, usilete kijibwa asiyemaliza chanjo zake.

Distempa nayo huanza na homa, kisha makamasi na tongo za macho, na mwisho mtukutiko wa misuli na kifafa. Wakazi wa Taita Taveta wana sababu ya ziada ya kuijali, kwa kuwa tumezungukwa na Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 1994, ugonjwa huu uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kiasi cha 1,000, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji jirani ambao hawakuwa wamechanjwa. Mwaka 2017 ulifagia makundi ya mbwa mwitu wa Laikipia.

Minyoo na kupe

Kuhusu minyoo usiulize "amepewa dawa?" Uliza "amepewa lini, mara ngapi, na mama je?" Mchango mkubwa wa mbwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wangali tumboni, na minyoo ya safura hupita katika maziwa, kwa hiyo ni afadhali kuchukulia kwamba kila kijibwa anayo minyoo hadi atibiwe. Dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mwenye watoto wadogo nyumbani asilipuuze hili, kwani mayai ya minyoo hiyo huingia mdomoni kwa mtoto anayecheza mchangani, na funza wake huweza kufika hadi jichoni. Kama mbwa wa boma hilo hutupiwa matumbo na maini mabichi wakati wa kuchinja, kuna hatari ya tegu, yule anayesababisha mafuko ya maji kwenye ini na mapafu ya binadamu. Turkana imeteseka nao kwa miaka mingi.

Kwa kupe, angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole vya mama. Kupe huambukiza vijidudu vinavyoharibu damu. Mmoja wa magonjwa yake ulipewa na madaktari jina la Nairobi, kwa vile mbwa walivuja damu puani. Mbwa anaweza kubeba maambukizi hayo muda mrefu bila kuonekana mgonjwa. Uliza pia ni dawa gani inayotumika. Ukiambiwa kijibwa ameogeshwa kwa dawa ya ng'ombe iliyokadiriwa kwa jicho, jua kuwa dawa hiyo yenyewe inaweza kumdhuru.

Kwa wanaotaka mbwa wa jamii ya kigeni

German Shepherd, Rottweiler na Labrador hupata sana kasoro ya nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, na kwa miaka kiungo husagika. Hurithiwa, ingawa unene na malezi huizidisha. Mfugaji makini huwapiga wazazi eksirei kabla ya kuwazalisha. Huko Uingereza, picha hizo hupewa alama kuanzia 0 hadi 106, na alama ndogo ndiyo njema. Cheti cha usajili wa ukoo, hata kikiwa cha Klabu ya Mbwa ya Afrika Mashariki, kinakuambia wazazi ni akina nani. Hakikuambii nyonga zao zikoje. Ukikosa eksirei, uliza umri wa wazazi, na mwombe mwenyewe amtembeze mama kwenye mteremko. Huku kwetu mteremko haukosekani. Jike anayerukaruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja, kama sungura, au anayesitasita kupanda kingo za matuta, hafai kukupa mtoto.

Kichaa cha mbwa

Duniani, kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mpango wa taifa wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, kwa kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Wapo wanaodhani kijibwa hawezi kuwa na kichaa. Anaweza, kama aliumwa, na ugonjwa hukaa wiki au miezi kabla ya kujitokeza. Ndiyo sababu ya lile swali la nne kuhusu mama. Hivyo kijibwa aliyeokotwa njiani, asiye na mama wala historia, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya watoto kumbeba. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Wesu au Voi. Dalili zikianza, dawa hakuna.

Sasa mshike mwenyewe

Baada ya majibu, ndipo mikono ifanye kazi. Bonyeza ufizi kwa kidole: uwe na rangi ya waridi, na weupe wa alama uondoke ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe ni upungufu wa damu, mara nyingi wa minyoo, viroboto au kupe. Tumbo lililofura kwenye mbavu zilizokonda ni la minyoo, si la shibe. Pitisha pamba nyeupe yenye maji kwenye manyoya ya kiunoni. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu, ni kinyesi cha viroboto. Gusa kitovu kama kina uvimbe. Piga kofi nyuma yake uone kama anageuka. Kisha mkalie mbali umtazame akicheza: anayejitenga na kulala huku wenzake wakivutana matambara, usimchukue kwa huruma kabla daktari hajamwona.

Malipo

Usitume pesa ya kushikiza mbwa ambaye hujamwona yeye wala mama yake. Mkikubaliana, andikeni karatasi fupi: tarehe ya kuzaliwa, chanjo na dawa zilizotolewa, bei, na kwamba daktari akimpima ndani ya siku 3 na kumkuta mgonjwa, anarudishwa na pesa zinarudi. Ujumbe wa M-Pesa uhifadhi pamoja na karatasi hiyo. Mfugaji mwaminifu hataudhika, na mara nyingi naye atakuhoji kuhusu mji wako.

Jirani anayekupa bure, muulize maswali yale yale, kwa upole unaofaa kati ya watu wanaozikana. Huenda hana kadi wala eksirei, lakini anajua mama amezaa mara ngapi, nani alikufa na kwa dalili gani. Yaandike majibu yake kwenye daftari, na uendelee kuandika chanjo na dawa zote utakazompa. Ukichukua jike, baada ya mwaka mmoja au miwili kuna mtu atapanda hadi kwako akitaka mtoto, na maswali haya utayajibu wewe.

Wiki ijayo: siku 7 za kwanza za kijibwa nyumbani, chakula chake, na mahali pa kumlaza katika baridi ya milimani.