Ruwenzori pamoja na batoto: kwa nini kilele cha familia ni Kalonge

Siku mvua imekatika asubuhi, mtu wa Mutwanga anaweza kuona theluji ya Ruwenzori kwa macho yake. Si ajabu batoto ba Beni na Butembo kuuliza wazazi: siku gani tutapanda kule juu, tulale kule?

Tuanze na usalama. Kwa miaka mingi mashambulizi ya ADF yametisha wakaaji wa sekta ya Ruwenzori, na njia za mlima ziko ndani ya eneo hilo. Kabla ya kufunga mizigo, ulizeni walinzi wa ICCN na viongozi wa kijiji. Wakisema hapana, ni hapana. Kupita kwa kificho pamoja na batoto ni kucheza na maisha yao. Lakini maelezo haya yanafaa kujulikana sasa, na yanasaidia pia wale wanaopanda mlima huohuo upande wa Uganda, kwa kupitia Kasese.

Nyumba za kulala ziko wapi?

Upande wa Kongo, safari inaanzia Mutsora, karibu na Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Nyumba ya kwanza ni Kalonge, kwenye metre karibu 2.100. Inafuata Mahangu, karibu 3.300, halafu Kiondo, karibu 4.200. Ya mwisho, Moraine, iko karibu na barafu. Kilele chenyewe, Margherita, kina metre 5.109.

Msifikiri ni hoteli. Ni nyumba ndogo za kujikinga na mvua na baridi. Hakuna duka, hakuna barabara, hakuna muganga. Chakula, blanketi na dawa, vyote vinapanda mgongoni.

Kwa nini mahali pa kulala ni pa muhimu kuliko kilele?

Mtu akipanda, hewa inapungua nguvu. Kule Kiondo, pumzi moja inaleta oksijeni kama asilimia 60 tu ya ile ya kando ya bahari. Mwili unaweza kuzoea, lakini unaomba muda. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuanzia metre 2.500. Ndiyo maana waganga wanashauri: ukipita metre 3.000, usilale zaidi ya metre 500 juu ya pale ulipolala jana.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Kalonge hadi Mahangu ni metre 1.200 kwa usiku mmoja. Kutoka Mahangu hadi Kiondo ni 900. Upande wa Uganda, kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni zaidi ya 850. Nyumba hizi zinafuata mwendo wa siku moja wa mtu mzima mwenye miguu ya nguvu. Hazifuati mwili wa mutoto.

Kwa hiyo, familia yenye batoto iweke Kalonge kuwa kilele chake. Siku ya kwanza mnapanda polepole, ni mwendo wa saa kama tano, na batoto wanaomba zaidi. Siku ya pili mnaacha mizigo, mnatembea juu hadi kwenye mianzi, mnarudi kulala palepale. Siku ya tatu mnashuka. Mutoto ataona msitu mkubwa na mianzi, na atarudi nyumbani akitamani kurudi tena.

Dalili gani za kuchunga?

Mutu mukubwa atasema kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu. Mutoto mudogo hawezi kueleza. Yeye atalia bila sababu, atakataa kula, hatataka kucheza, hatalala vizuri. Mkiwa juu, hesabuni dalili hizo kuwa za mwinuko mpaka ijulikane ni kitu kingine. Msiendelee kupanda. Zikizidi, shukeni.

Mtu akiyumba kama mlevi, akiongea maneno yasiyoeleweka, au akihema sana hali ameketi, msingoje asubuhi. Mshusheni mara moja, hata metre 500 au 1.000. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza. Kidonge hakikai pahali pake.

Baridi, mzigo na makala

Kila metre 1.000 za kupanda, baridi inaongezeka kwa digri kama sita. Usiku wa digri 20 kule Beni unaweza kuwa wa digri 14 kule Kalonge, na karibu na sifuri kule Kiondo. Na Ruwenzori inanyesha karibu mwaka muzima. Afadhali kidogo ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Nguo ya pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Chagueni sweta ya sufu, na mfunge nguo moja kavu ya kulalia ndani ya mfuko wa plastiki. Nguo hiyo haivaliwi njiani hata mvua ikipiga namna gani.

Mutoto abebe sehemu moja ya kumi ya uzito wake, si zaidi. Mwenye kilo 30 anabeba kilo tatu: maji, nguo ya mvua, biskuti. Maharagi yapikwe nyumbani kabla, kwa sababu juu maji yanachemka kabla ya kufika digri 100 na maharagi hayaivi upesi.

La mwisho, na linaua hata hapa mjini: msilale na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake wa sumu hauonekani wala haunuki, na baridi inashawishi watu kufunga madirisha yote. Pikeni inje, muzime, ndipo muingie.

Mlima hautahama. Familia iliyolala Kalonge na kushuka salama mwaka huu inaweza kufika Mahangu batoto wakikua.