Jicho Lisilouma Ndilo Shahidi

Mtu wa Kamina akiamka usiku kichwa kinampasuka na anatapika, wa nyumbani hufikiria malaria kwanza. Jicho jekundu hutazamwa baadaye. Akisema taa inazungukwa na duara za rangi, presha ya jicho huenda imepanda: kawaida yake ni 10 hadi 21 kwa milimita za zebaki, lakini siku hiyo yaweza kupita 50.

Maji ya jicho hutengenezwa nyuma ya irisi, lile duara lenye rangi, hupenya mboni, kisha hutokea kwenye pembe iliyo kati ya irisi na konea, kioo cha mbele ya jicho. Pembe ikiziba, maji hukwama. Kazi ni kujua nani kaziba.

Mshukiwa wa kwanza ni umbile lenyewe: jicho fupi, lenye nafasi finyu mbele. Wa pili ni lenzi iliyolegea. Lenzi hushikiliwa na nyuzi nyembamba mno, na hizo hukatika kwa ngumi au kipande cha ukuni, au hudhoofika kwa uzee na kwa maradhi ya kuzaliwa nayo, kama yale aliyoyaeleza Antoine Marfan huko Paris mwaka 1896. Lenzi ikisogea mbele, huziba mboni.

Kwa macho ya mgonjwa, maumivu ni yale yale. Rula ndiyo inayotenganisha. Mashine ya mawimbi ya sauti hupima urefu wa jicho na kina cha chumba cha mbele, yaani nafasi iliyo kati ya konea na lenzi, ambacho kwa mtu mzima hukaribia milimita 3. Mwenye umbile finyu huwa nalo pande zote mbili, na macho yake mara nyingi yana urefu wa karibu milimita 22. Lenzi iliyolegea, hasa kwa sababu ya pigo, huacha tofauti kubwa: chumba cha jicho linalouma ni kifupi, cha mwenzake ni cha kawaida, na urefu wa jicho waweza kuwa 23 au zaidi. Kwa hiyo anayepima jicho moja tu amefanya nusu ya kazi.

Kukosea kuna gharama. Pilokapini, dawa ya matone ya kubana mboni, humfaa mgonjwa wa kwanza, mwenye umbile finyu. Kwa wa pili, mwenye lenzi iliyolegea, hulegeza nyuzi zaidi na kuisukuma lenzi mbele. Wa kwanza hutobolewa irisi kwa leza, wa pili huenda akahitaji kuondolewa lenzi.

Pasipo mashine kuna tochi. Ikimulikwa kutoka upande wa sikio, irisi ya upande wa pua ikibaki gizani, chumba ni kifupi. Muuguzi akimulika macho yote mawili na kuandika alichokiona kwenye karatasi ya rufaa, daktari wa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kamina, atakuwa na pa kuanzia.