Kuku wa Moto Mdogo: Mlo Mwepesi kwa Afya ya Familia

Kisiwani Ndau, samaki ndiye kitoweo cha kila siku. Lakini msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua kushindwa kutoka, kuku wa nyumbani ndiye anayeingia chunguni. Mara nyingi huishia kwenye mafuta ya kukaangia au tui zito. Kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, mlo wa aina hiyo kila mara humzidishia mzigo, na kutoka Ndau safari ya kwenda Hospitali ya Faza au ya King Fahd mjini Lamu ni ya majini.

Ipo njia nyepesi: kumchemsha kuku taratibu kwa moto mdogo, bila mafuta.

Kwa nini moto mdogo?

Nyama ikipata moto mkali hujikaza na kukamua maji yake. Ndiyo maana kidari huwa kikavu. Kwa moto mdogo nyama hubaki laini, jambo linalowafaa wazee na watoto. Makaa nayo hutumika kidogo.

Hatua kwa hatua

1. Usimwoshe kuku aliyenunuliwa akiwa tayari amesafishwa. Maji yanayoruka hueneza vijidudu kwenye vyombo na mboga. Aliyechinjwa nyumbani msafishe ndani ya beseni, kisha osha beseni, kisu na mikono kwa sabuni. Ndimu ikamulie sufuriani.

2. Ondoa ngozi, kwani hapo ndipo penye mafuta mengi. Panga vipande sufuriani na umimine maji ya kuvifunika tu. Maji ya jabia ni ya thamani, na haya hayatamwagwa.

3. Tia tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Viungo vya supu vya dukani tayari vina chumvi.

4. Yakianza kuchemka, punguza makaa hadi uone mapovu madogo tu, kisha funika. Kidari cha kuku wa gredi huchukua takriban dakika 15 hadi 20, mapaja dakika 30 hadi 40. Kuku wa kienyeji aliyekomaa huhitaji saa moja na nusu au zaidi.

Hakikisha ameiva

Moto mdogo si ruhusa ya kula nyama mbichi. Toboa sehemu nene karibu na mfupa: maji yatoke meupe, nyama isiwe ya waridi. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 74 za Selsiasi.

Supu usiimwage

Iache ipoe kidogo, engua mafuta yanayoelea juu, kisha ipikie mchicha au wali. Kwa joto letu la pwani, chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Asiye na friji apike cha kuliwa mara moja.

Kubadilisha upishi hakuchukui nafasi ya dawa. Anayetumia dawa aendelee nazo, na asiyejua hali yake amwone mhudumu wa afya ya jamii au afike zahanati iliyo karibu apimwe sukari na presha.