Msanii Ajibu au Anyamaze?

Saa tatu usiku msanii wa Bongo Fleva anafungua laivu kwenye Instagram. Hata hajamaliza kusalimia, komenti zimeanza kupanda kwenye skrini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Mmoja anaomba atajwe jina. Mwingine anataka kolabo. Wa tatu anaomba nauli ya kurudi Sumbawanga, wa nne anauliza albamu inatoka lini, na wa tano anamtukania mama yake mzazi. Yote hayo yamepita kufumba na kufumbua, na msanii inabidi aamue palepale amjibu nani na nani ajifanye hakumwona.

Uamuzi huo umekuwa sehemu ya kazi ya muziki, na watu hawaafikiani juu yake. Kuna wanaosema msanii analishwa na mashabiki, hivyo akijifungia ndani anakosa shukrani. Wengine wanaona mazoea huleta dharau: nyota anayepatikana saa yoyote hana tena unyota. Kila upande una mifano ya kutosha, na ukiipanga mifano hiyo pamoja utagundua kwamba mengi hutegemea msanii anaongea mahali gani, umati umefikia ukubwa gani, na akishaongea anawaachia mashabiki wafanye nini na maneno yake.

Afrika Mashariki, mazungumzo ya mwimbaji na hadhira yalianza kabla ya simu. Katika taarab, shabiki huinuka kitini, akacheza taratibu hadi jukwaani noti ikiwa mkononi, akamtunza mwimbaji kwenye ubeti uleule unaomchoma hasimu wake. Mwimbaji huelewa, huurudia ubeti, na ukumbi mzima hujua nani kapigwa kijembe. Miaka ya 1990 Dar es Salaam iligawanyika kambi mbili za mipasho: Tanzania One Theatre iliyokuwa na Khadija Kopa, na Muungano Cultural Troupe iliyokuwa na Nasma Khamis ‘Kidogo’. Katika dansi nako, bendi za Msondo Ngoma na Mlimani Park ‘Sikinde’ ni watani wa jadi ambao mashabiki wao hawapeani nafasi hata leo.

Ushabiki huo ulikuwa mkali, lakini ulikuwa na kuta. Mlangoni kulikuwa na kiingilio, na usiku wa manane ukumbi ulifungwa. Aliyetaka kutukana alifanya hivyo sura yake ikionekana, na pengine kesho yake angekutana na aliyemtukana sokoni. Leo mwimbaji Zuchu, binti wa Khadija Kopa, anaimbia hadhira ambayo sehemu yake kubwa haitawahi kuingia ukumbini na ambayo inaweza kumwandikia lolote, wakati wowote, kwa jina la kubuni.

Kati ya wanamuziki wakubwa duniani, David Bowie wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuiona hali hiyo ikija. Tarehe 1 Septemba 1998 alianzisha huduma yake mwenyewe ya intaneti, BowieNet. Kwa dola 19.95 kwa mwezi, mteja wa Marekani aliunganishwa na mtandao, akapata anwani ya barua pepe yenye jina la davidbowie.com, na akaruhusiwa kuingia kwenye baraza la mazungumzo la wanachama. Bowie mwenyewe alikuwa akiingia humo kwa jina la Sailor. Alijibu maswali, alitaniana na watu, na aliwabishia walipokosea.

Hakuishia kwenye porojo. Aliitisha shindano la kuandika maneno ya wimbo ambao muziki wake ulikuwa tayari. Mshindi, kijana wa jimbo la Ohio, alipelekwa New York mwezi Mei 1999 kushuhudia wimbo ukirekodiwa, akaingiza na sauti yake kwenye uitikiaji, huku wanachama wakitazama kupitia intaneti. Wimbo huo, "What's Really Happening?", umo katika albamu ya "hours...", ambayo iliuzwa mtandaoni wiki mbili kabla ya kufika madukani. Mwishoni mwa mwaka huo alimweleza mtangazaji Jeremy Paxman wa BBC kwamba intaneti italeta mazuri na mabaya ambayo akili ilikuwa bado haijayafikia, na kwamba nafasi iliyopo kati ya msanii na msikilizaji ndiyo itakayotawala karne ya 21. Paxman alionekana kutoshawishika.

Kilichoifanya BowieNet iende vizuri ni kwamba ilikuwa bado ni ukumbi. Ilikuwa na mlango na kiingilio, na waliokuwemo walikuwa wameamua kulipa kwa sababu walimpenda mtu huyo. Mtandao wa wazi hauna mlango.

Trent Reznor, kiongozi wa bendi ya Marekani ya Nine Inch Nails, alilijua hilo mwaka 2009. Alikuwa ameingia Twitter akiandika mambo yake mwenyewe bila kupitia kwa meneja. Mwezi Mei aliwaomba mashabiki wamchangie mgonjwa mmoja aliyehitaji kupandikizwa moyo. Waliochangia walipewa nafasi ya kukutana na bendi nyuma ya jukwaa, na zikapatikana zaidi ya dola 800,000. Mwezi uliofuata Reznor alitangaza kwamba anaondoka. Kundi dogo la watu lilikuwa likimwandama yeye na mchumba wake kwa matusi kila alipofungua mdomo, na alieleza kwenye tovuti ya bendi yake kwamba haoni tena faida ya kujianika kiasi hicho. Baadaye alirudi kwa vipindi. Hata hivyo, katika muda wa wiki chache mtu huyohuyo alikuwa ameonja pande zote mbili za umati wa mtandaoni: mkono unaotoa na ulimi unaochoma.

Tanzania ulimi huo una jina: timu. Kwa miaka mingi mashabiki wa waimbaji Diamond Platnumz na Alikiba wamekuwa wakivaana kwenye komenti kwa ari ileile ya Simba na Yanga. Timu zina faida. Huhesabu watazamaji wa YouTube kama wahasibu, husambaza wimbo mpya usiku kucha, na hupiga kura bila kuchoka. Mwaka 2016 tuzo ya MTV Europe Music Awards kwa msanii bora wa Afrika, ambayo huamuliwa kwa kura za mashabiki, ilitangazwa kwanza kuwa ya Wizkid wa Nigeria, kisha waandaaji wakarekebisha na kumpa Alikiba. Kwa msanii wa Kiswahili, jeshi la aina hiyo ni mtaji.

Tatizo la jeshi ni kwamba husubiri amri, na wakati mwingine huiona amri pasipo na amri. Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa Canada aliandika Twitter kwamba angependa Nicki Minaj atoe muziki wa kikubwa zaidi. Minaj alimjibu inboksi kwa maneno makali, mwandishi akauweka ujumbe huo hadharani, na wafuasi wa rapa huyo wakamvamia kwa matusi siku kadhaa, wakisambaza hadi picha za mtoto wake mdogo. Msanii aliandika kwa mtu mmoja tu, lakini waliomwitikia walikuwa maelfu. Ndiyo maana msanii mkubwa hawezi kudai kwamba akimjibu mkosoaji wanabishana kama watu wawili wa kawaida. Mmoja wao ana umati nyuma yake.

Umati huo nao una kichwa chake. Mwaka 2021 Diamond alipoteuliwa kuwania tuzo ya BET nchini Marekani, baadhi ya Watanzania walianzisha ombi la mtandaoni lililokusanya maelfu ya saini wakitaka aondolewe, kwa hoja kwamba aliupigia debe utawala wa Rais John Magufuli. Tuzo ikaenda kwa Burna Boy. Mashabiki wa Diamond walijibu kwa kampeni yao, na kwa wiki kadhaa mitandao iliwaka moto bila wimbo wowote kujadiliwa.

Serikali pia iko kwenye laivu. Aprili 2018 waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, alilieleza Bunge kwamba Diamond alikamatwa na kuhojiwa na polisi kwa sababu ya video ya faragha aliyoiweka Instagram. Mwimbaji Nandy naye alihojiwa kuhusu video yake iliyokuwa imevuja. Huo ndio mwaka ambao Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilianza kutumika nchini, baada ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Posti ambayo msanii anaiona kuwa gumzo na watu wake inaweza kusomwa na mamlaka kama utangazaji kwa umma.

Athari nzito kuliko zote haziishii polisi wala kwenye tuzo. Sulli, mwimbaji na mwigizaji wa Korea Kusini, alikuwa akiongea wazi na mashabiki wake, na mwaka 2019 alishiriki kuongoza kipindi cha televisheni ambacho watu maarufu walisoma kwa sauti matusi waliyoandikiwa. Oktoba mwaka huo alifariki akiwa na umri wa miaka 25. Nchi ilishtuka. Kabla mwezi haujaisha, tovuti kubwa ya Daum ilifunga sehemu ya maoni kwenye habari za burudani, na Machi 2020 Naver, iliyo kubwa zaidi, ikafanya vivyo hivyo.

Wakorea hawakuacha mazungumzo, walirudisha mlango. Programu ya Weverse ilianza Juni 2019 na Bubble ikafuata 2020. Katika Bubble, shabiki hulipa kila mwezi na hupokea ujumbe unaomjia kana kwamba ameandikiwa yeye peke yake, ingawa umetumwa kwa maelfu. Msanii husoma majibu kwa wingi anaotaka, na akichoka anafunga simu. Kasoro yake ni kwamba ukaribu umegeuzwa bidhaa, na shabiki mchanga anaweza kudhani amepata rafiki. Lakini wazo lenyewe ni lilelile la Bowie, na la mwuza tiketi wa ukumbi wa taarab.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini mlango unahitajika. Tuseme posti moja imepata komenti 10,000, na kila jibu linachukua nusu dakika. Msanii atatumia zaidi ya saa 83, yaani karibu siku tatu na nusu bila kulala, na hapo hajaingia studio. Kwa sababu hiyo akaunti nyingi za wasanii wakubwa huendeshwa na admini. Hakuna ubaya, mradi watu waambiwe. Usiri kwenye jambo hilo ndio unaowapa nafasi matapeli wanaofungua akaunti bandia, wakaweka picha ya msanii na kuwaomba mashabiki hela.

Kwa msanii chipukizi mambo ni tofauti. Mwenye wafuasi 800 anaweza kuwajibu wote akiwa kwenye daladala kati ya Mbagala na Kariakoo, na kila jibu linamwongezea mtu atakayeusambaza wimbo wake. Kampuni zinazotafuta mabalozi wa bidhaa huangalia pia jinsi watu wanavyoitikia ukurasa wake. Kwa hiyo anayehitaji zaidi mazungumzo hayo ndiye anayeyamudu kwa urahisi, na jina linapokua, faida ya kila jibu hupungua huku hatari ikiongezeka. Agosti 2024, mwimbaji wa Marekani Chappell Roan, aliyepata umaarufu mkubwa ndani ya miezi michache, alisema hadharani kwamba kuandamwa na kushikwashikwa na watu asiowajua si gharama ambayo msanii analazimika kuilipa. Wapo waliomwita mwenye maringo, na wapo waliosema amewasemea wengi.

Bowie mwenyewe hakubaki barazani milele. BowieNet ilifungwa mwaka 2006, baada ya yeye kufanyiwa upasuaji wa moyo 2004 na kupunguza shughuli. Kwa miaka mingi hakutoa mahojiano wala hakuandikia mashabiki. Kisha tarehe 8 Januari 2013, siku aliyotimiza miaka 66, akatoa wimbo mpya bila kumtonya mtu, na albamu yake ya "The Next Day" ikashika namba moja Uingereza. Mashabiki waliozoea kupiga naye soga walikuwa bado wapo.

Jibu basi ni ndiyo, msanii azungumze na watu wake, lakini kwa masharti anayoyaweka yeye. Apange saa ya laivu na saa ya kuzima. Aseme wazi ni lini anaandika mwenyewe na ni lini anaandika admini. Mkosoaji asimtaje kwa jina mbele ya timu yake, na timu ikianza kumshambulia mtu, aikemee mapema na kwa sauti ileile anayotangazia wimbo mpya. Akiamua kunyamaza mwaka mzima, anyamaze. Deni lake kwa msikilizaji ni muziki mzuri.

Shabiki naye ana lake la kufanya. Usipojibiwa, hujadharauliwa. Na akaunti yoyote yenye picha ya msanii umpendaye ikikuomba hela inboksi ili "ukutane naye", usitume hata shilingi: iripoti, iblock, kisha wahadharishe wenzako.