Betri ya Ofisi Isinunuliwe kwa Macho

Mgao wa umeme uliotukumba mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 haujasahaulika. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, ianze kuzalisha umeme mwaka 2024, shida ile imepungua sana. Lakini nguzo ikiangushwa na mvua, ofisi iliyo mwisho wa waya haipati faraja yoyote katika hesabu ya megawati. Zahanati hushindwa kutoa namba ya malipo, chama cha msingi hushindwa kupeleka hesabu za mazao, na mzee aliyetembea tangu alfajiri huambiwa arudi kesho.

Na yote hayo ni kwa kukosa wati 12 tu! Kisanduku cha mkongo na ruta, vyote viwili pamoja, mara nyingi havili zaidi ya hapo; taa moja ya zamani ya kioo ilikula mara tano yake. Nyuzi za mkongo wenyewe hupitisha mwanga, wala hazihitaji umeme kati ya kituo na ofisi, na kituo kwa kawaida kina betri na jenereta zake. Kwa hiyo, mwenye kuviwasha vidude hivi viwili amekwisha kulifungua dirisha la ofisi yake.

Hapo ndipo fedha za wanachama zinapopotea. Katibu huenda dukani, huonyeshwa UPS iliyoandikwa 650VA, naye huiona namba kubwa akaridhika. Namba ile yaeleza ukubwa wa mzigo ambao chombo chaweza kubeba, haielezi kitaubeba kwa muda gani. Ndani ya UPS kama hiyo mara nyingi mna betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Isitoshe, inveta yake yaweza kula umeme sawa na ruta yenyewe au zaidi. Baada ya saa mbili tatu, kimya.

Tutazame upotevu huo. Umeme wa betri, ulio wa volti 12, hupandishwa kuwa wa volti 230, kisha adapta ya ruta huuteremsha tena kuwa wa volti 12. Ni safari ya mtu atokaye Kibaha kwenda Kariakoo, naye akapitia Morogoro kwanza.

Yafaa basi umeme utoke katika betri moja kwa moja. Fundi asome kwanza nyuma ya kila kidude volti zitakiwazo na upande wa chanya, kwani si vyote vitumiavyo volti 12. Betri inapochajiwa yaweza kupita volti 14, hivyo kidhibiti cha volti ni lazima, na fyuzi ikae karibu na kichwa cha chanya.

Wati 12 kwa saa 12 ni wati-saa 144. Betri ya risasi na asidi isitumiwe zaidi ya nusu ikiwa twataka idumu; kwa hiyo yahitajika ya ampea-saa 24 au zaidi. Ile ya lithiamu ya chuma na fosfeti yaweza kutumiwa hata asilimia 80, nayo ya ampea-saa 20 yatosha na kubaki. Bei yake ni kubwa, twakiri, lakini huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara 2,000 na zaidi, hali ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Betri ya gari tusiiguse: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na kunyonywa polepole usiku kucha huiua upesi.

Joto nalo ni adui. Kila nyuzi 10 zizidipo nyuzi 25, maisha ya betri ya risasi hupungua karibu nusu. Isifungiwe kabatini, maana inapochajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Ikifa, irudishwe kwa mnunuzi halali, isipasuliwe uani ambako watoto huchezea sumu ya risasi.

Kila miezi mitatu katibu auchomoe waya ukutani wakati wa kazi, apime volti kila saa na kuziandika daftarini. Betri ya risasi ikifika volti 12, aurudishe waya.